Simu Iliyoingia Chumbani kwa Baba Mkwe

Ugomvi ulianza kati yangu na simu yangu. Kwa majuma kadhaa ilikuwa ikinisumbua na maneno yale yale: sasisho jipya liko tayari, sakinisha sasa au nikukumbushe baadaye? Nabonyeza baadaye. Nikikaa kidogo, nguo ya mtu iko chini ya sindano, inalia tena. Baadaye, nimesema! Mimi ni fundi wa nguo sokoni Kebirigo, nashona sare za shule, na simu ndiyo ninayopokelea picha na vipimo vya wateja. Kitu kinachofanya kazi vizuri hakichokonolewi. Cherehani yangu ni ya zamani kuliko mwanangu wa kwanza, na haijawahi kunisimamisha katikati ya mshono kuniambia kwamba imepata maboresho.

Sasisho ni Kiswahili cha simu. Sokoni tunasema apdeti, na tunalitamka huku tumekunja mdomo. Nilikuwa na sababu zangu za kuiogopa. Apdeti iliyotangulia ilinihamishia tochi, nikakaa siku mbili nikienda kukamua ng'ombe alfajiri kwa kupapasa. Ilinibadilishia pia mlio, mteja akawa anapiga mimi nadhani ni simu ya jirani. Na ilianza kunisahihishia maandishi: naandika Ekegusii kwa dada yangu, yenyewe inageuza kila neno kuwa Kiingereza, mpaka dada akauliza kama nimeokoka upya au nimelewa.

Lakini sijakaa chini kuandika kwa ajili ya tochi. Naandika kwa sababu apdeti moja nusura ininyang'anye baba mkwe wangu, na mimi nilikuwa nimekwisha kumzoea kiasi kwamba boma bila yeye nisingelitaka.

Inabidi nieleze, maana msomaji wa mbali ataniona nimechanganyikiwa. Kwetu Kisii, mke na baba mkwe wake wana ensoni baina yao. Ensoni ni haya, lakini haya yenye sheria. Simpi mkono. Sikalii kiti chake. Siingii chumba anacholala, wala yeye haingii nyumbani kwangu hata mvua ya mawe ikimpiga mgongoni. Jina lake silitaji, na hata humu sitalitaja. Na kumtazama usoni, macho kwa macho, hilo halipo kabisa. Vijana wa mjini wamelegeza kamba, wahubiri nao wana yao ya kusema, lakini katika boma letu, ukiacha barabara ya Kebirigo ukateremka kuelekea mtoni, mambo bado yako vile. Mimi sikulazimishwa na mtu. Nililelewa hivyo, na kusema kweli napenda kuishi na mtu anayejua mpaka wake uko wapi.

Mama mkwe alipokuwa hai, yeye ndiye aliyebeba maneno. Mzee anasema akiwa sebuleni, "Mwambie mke wa mwanangu maziwa ya leo yameungua." Nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe, nimesimama nje hatua chache, lakini nangoja mama aje aniambie. Namjibu mama, mzee anasikia, naye anangoja aletewe. Tuliishi hivyo miaka mingi wala hakuna aliyeona tabu, isipokuwa labda mama mwenyewe na miguu yake.

Alipofariki, nyumba ya chini ikanyamaza. Mume wangu ni dereva wa lori, kituo chake kiko Nakuru, nyumbani anafika mwisho wa mwezi. Watoto wetu wameenda zao, mmoja chuoni, wengine kwa waume zao. Tukabaki wawili bomani: mzee nyumba ya chini, mimi nyumba ya juu, katikati yetu zizi la ng'ombe mmoja na migomba. Napeleka chakula, naweka mezani sebuleni mwake, nakohoa, naondoka. Yeye anakohoa kujibu. Karibu mwaka mzima tuliishi kwa kukohoa, na Mungu ananiona, sijawahi kusikia upweke kama ule.

Ndipo mume wangu aliponunua simu mpya, akampa baba yake ile ya zamani. Alimfundisha mambo mawili tu: hiki cha kijani ni kupokea, hiki chekundu ni kukata. Jioni ile ile simu yangu ikaita. Nikapokea, nikasikia sauti ya mzee, wazi kabisa, bila mtu katikati.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, tata." Tata ni baba, kwa lugha yetu.

"Mchuzi wa leo ni mzuri."

Akakata. Nilibaki nimeishikilia simu, nikaanza kucheka peke yangu. Mwaka mzima sikujua kama chakula changu kinalika au kinavumiliwa.

Tangu hapo alipiga kila jioni, na asipopiga yeye napiga mimi. Ensoni ina sheria za macho na mikono na milango, lakini simu ilipokuja hakuna mzee aliyekuwa ameitungia sheria. Sauti haina uso, wala haiketi kwenye kiti cha mtu. Kwenye simu baba mkwe wangu alikuwa mtu mwingine, jamani! Alicheka; nami hapo kabla sikujua kama huwa anacheka. Aliniuliza, "Leo umemshonea nani?" nami namsimulia wateja wangu, mama aliyedai suruali ya mwanawe imefupishwa na pasi ilhali ni mtoto aliyerefuka. Yeye naye alinisimulia utoto wake kule Nyansiongo, wakati yale mashamba yalikuwa bado ya walowezi, alivyochunga ng'ombe wa mzungu wenye majina ya wanawake. Aliyabishia magazeti yanayosomwa redioni, akaigiza sauti ya mhubiri wetu, akalalamikia magoti. Kabla ya kukata aliniombea, mimi na cherehani yangu. Mume wangu alitucheka sana. "Nyumba na nyumba mtu anaweza kurusha jiwe likafika, na nyinyi mnachoma bando!" Nikamwambia anyamaze, bando si lake.

Alikuwa rafiki yangu. Nalisema wazi, hata kama kwetu neno hilo halitumiki kwa baba mkwe.

Basi ikawa Alhamisi moja, mteja amesimama mbele yangu, pini nimeziuma mdomoni, na ile simu ikalia tena kuhusu sasisho lake. Nikaibonyeza bila kuitazama, kwa hasira, kama mtu anayefukuza kuku. Kumbe nimebonyeza sakinisha. Ikazima. Ikawaka. Ikazima tena, ikaonyesha duara linalozunguka, nikajua nimekwisha. Ilipoamka haikuwa simu yangu. Saa imekuwa kubwa kama sahani. Picha zote ndogo zimefanywa duara, zimepakwa rangi moja ya kijani kibichi, huwezi kujua ipi ni redio na ipi ni hesabu. Ikanisalimia kwa jina na kuniuliza kama nimefurahia mwonekano mpya, nichague nyota. Nyota! Nilitamani kuichagulia kofi.

Nilikuwa na kitufe cha mzee kwenye uso wa simu, nikikigusa tu kinampigia. Hicho hakikuwapo tena. Nikamtafuta kwenye orodha, nikampata, nikaona ni sawa, nitazoea. Sikuangalia zaidi ya hapo kwa sababu kazi ilikuwa nyingi.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Sisi ni Wasabato, na Ijumaa kwa Msabato ni siku ya kukimbizana na jua. Kabla halijatua chakula cha Sabato kiwe kimepikwa, nguo zimepigwa pasi, maji yamebebwa, watu wameoga. Kila Ijumaa nilikuwa na utaratibu wangu: nachemsha maji, nayapeleka kwa ndoo hadi mlango wa nyuma wa nyumba ya chini, narudi kwangu, nampigia simu mzee. "Tata, maji yako mlangoni." Anasema, "Mungu akubariki," anatoka kuyachukua. Hatukutani, hatuonani, na kila mtu anaoga kwa amani.

Siku hiyo nilipeleka ndoo kama kawaida nikarudi jikoni. Mimi mwenyewe nilikuwa najiandaa kuoga, kwa hiyo nilikuwa nimejifunga leso kifuani, mabega wazi, nywele nimezifumua zimesimama kila upande. Mkono mmoja ulikuwa unakoroga maharage, wa pili unashika simu. Nikalifungua jina lake. Pale ambapo siku zote ninabonyeza, upande wa kulia, kidole kikaenda chenyewe, sikukitazama. Miaka yote pale palikuwa na kialama cha mkono wa simu, cha kupiga ya sauti. Apdeti ilikuwa imeuhamisha mkono wa simu, ikaweka kamera.

Ikaita. Akapokea, kwa kile cha kijani, kama alivyofundishwa. Nikaona skrini yangu imejaa kitu cha ajabu, cheusi, chenye vinyweleo vyeupe. Nikaisogeza karibu. Lilikuwa sikio.

"Halo?" sikio likasema. "Halo? Maji tayari?"

Nami badala ya kukata, nilipigwa na butwaa. Naye, aliposikia kimya, akaiondoa simu sikioni aitazame ina nini. Hapo ndipo nilipouona mlango wa kabati, na pembe ya kitanda chenye blanketi la mistari, na baba mkwe wangu ameketi juu yake, kifua wazi, shati amekwisha kulivua akingoja maji, mbavu zinahesabika. Na yeye akaniona mimi, leso, mabega, nywele na mwiko.

"Yesu!" akasema.

Nikaitupa simu. Sikuiweka chini, niliitupa, ikaangukia kwenye unga, na kutoka humo ungani sauti yake ikaendelea kuita "Yesu, Yesu," mpaka ikakatika. Nilikaa juu ya kigoda nikashika kichwa. Fikiria mwenyewe: zaidi ya miaka ishirini nimeolewa katika boma lile, chumba kile sijakikanyaga, hata siku mama mkwe alipougua nilisimama mlangoni wakamtoa nje. Na sasa nimeingia bila kubisha hodi, nikiwa nusu uchi, na mwiko mkononi.

Jioni hiyo hakupiga. Nami ningepigaje? Maharage ya Sabato niliyapeleka asubuhi, nikayaweka mezani, nikakohoa. Kimya. Tulienda kanisani kila mtu na njia yake, yeye upande wa wanaume, mimi upande wa akina mama, na ibada ilipokwisha nikatoka uwanjani, alikuwa amekwisha kuondoka. Nyumbani nikakuta hotipoti ya yale maharage imerudishwa, imewekwa kwenye ngazi yangu. Nikafungua kifuniko. Hakuonja hata kijiko. Hilo lilinikata maini. Mtu akikukasirikia akala chakula chako, bado kuna njia. Akikirudisha, njia imefungwa.

Jua lilipotua mume wangu akapiga kutoka Nakuru, sauti imemkauka.

"Umemfanya nini tata? Ameazima simu ya jirani, amempigia ndugu yangu wa Nyansiongo. Kesho anakuja kuchukuliwa. Anasema anahamia huko moja kwa moja."

"Anasema kwa nini?"

"Hasemi. Anasema hapo hapakaliki tena."

Nikamweleza yote, sikio, blanketi, leso, unga. Upande wa pili nikasikia mluzi mdogo, halafu mwanamume mzima anacheka mpaka anakohoa.

"Wewe cheka," nikamwambia. "Cheka vizuri. Kesho baba yako akipakiwa kwenye pikapu kama gunia la mahindi, kijiji kizima kitasema ni mimi niliyemfukuza, na wewe uendelee kucheka."

Akaacha. "Zamani hilo lingekuwa jambo la mbuzi," akasema. "Wazee wangechinja, mambo yakatakaswa, yakaisha."

"Sisi Wasabato tutachinja mbuzi kwa sababu ya apdeti? Tumwambie mchungaji nini?"

Akakata simu. Kijiji nilikitaja kwa mume wangu kwa sababu ni rahisi kukitaja, lakini si kijiji kilichonikosesha raha. Nilikuwa nawaza jioni zote zijazo, nimekaa jikoni, nyumba ya chini giza, na hakuna wa kuniuliza leo nimemshonea nani. Nililia, sifichi.

Jumapili asubuhi, kabla soko halijachangamka, nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha fundi wa simu pale Kebirigo, bwana mmoja mwenye miwani ambaye hutengeneza na redio.

"Nataka unirudishie simu yangu ya Jumatano," nikamwambia.

"Ya Jumatano?"

"Ilivyokuwa Jumatano. Kabla ya hii takataka."

Akaichukua, akaipangusa unga, akaitazama juu na chini. "Mama, hii ni apdeti. Ikishapanda haishuki."

"Basi ondoa hiyo kamera hapo kwenye jina la mtu."

"Haiondoki. Imewekwa na wenyewe walioitengeneza."

"Waliuliza nani?"

Akacheka kwa upole. "Hawaulizi mtu. Utazoea tu, mama. Ina vitu vizuri pia. Ona, sasa inaweza kukusomea ujumbe kwa sauti."

"Sijakuja kusomewa!" Nikamnyang'anya simu yangu, nikaondoka, na wauza nyanya wakageuka kunitazama. Yule bwana hakuwa na kosa. Lakini mtu akiwa na uchungu hamkosi wa kumfokea.

Njiani nikawaza. Mzee anadhani nini? Anadhani nilikusudia? Kijana wa siku hizi anajua kidole kimeteleza, hata haombi radhi. Lakini mzee hakuwahi kusikia kwamba kitufe kinaweza kuhama wakati mwenyewe umelala. Kwake yeye, mkono wa simu unakaa pale unapokaa, kama mlango. Aliyefungua mlango ni mimi. Alihitaji kuelezwa, na wa kumweleza hayupo, mama yuko kaburini chini ya migomba. Kumwandikia siwezi, simu yake ameizima. Kumwendea na kusema uso kwa uso, "Tata, kuhusu ile siku niliyokuona bila shati," ningekuwa naongeza dhambi juu ya dhambi.

Nilipofika bomani pikapu ilikuwa bado haijaja. Dirisha la sebule ya mzee lilikuwa wazi, na dirisha lile linatazamana na zizi. Nikachukua majani ya ng'ombe, nikaenda zizini, nikaipa nyumba ya chini mgongo. Nikaanza kuongea na ng'ombe, kwa sauti kubwa, kama mtu anayemgombeza kiziwi.

"Kula, wewe. Kula na unisikilize. Unajua hizi simu zina wenyewe huko mbali? Usiku wanaingia, wanahamisha vitu. Jana kitufe kiko huku, leo kiko kule, na wewe mwenye simu hujaambiwa. Mimi nilikuwa napiga simu ya kawaida. Ya sauti! Ya kusema maji yako mlangoni. Kidole changu kilienda pale kilipozoea kwenda, wakawa wameweka picha. Wewe ng'ombe, ungekuja zizini ukakuta mlango umehamishiwa kwenye paa, ungefanyaje?"

Ng'ombe akatafuna.

"Mimi sijaingia chumba cha mtu," nikaendelea. "Kama nimeona kitu, nimeona sikio. Mengine nimeyasahau. Na yule mtu akienda Nyansiongo, mimi nani atanisemesha jioni? Wewe? Wewe unajua kutafuna tu. Mimi nilimzoea. Mwambie nilimzoea sana."

Dirishani hakikusikika kitu, hata kikohozi. Nikakung'uta majani mikononi, nikarudi kwangu bila kugeuka.

Saa sita hivi pikapu ikaingia. Shemeji yangu wa Nyansiongo ni mtu mkubwa, mpole, wa ng'ombe wa maziwa na mahindi, asiyependa maneno mengi. Akanisalimu akiwa anaangalia viatu vyake, nikajua hajaambiwa kilichotokea na anaogopa kuuliza. Akaingia nyumba ya chini. Mimi nikaenda jikoni kusonga ugali, maana hata kama mtu amekuja kubomoa nyumba yako, ametoka mbali na lazima ale. Kutoka jikoni nikaona godoro linatoka. Likapakiwa. Likafuata sanduku la nguo. Nikauzungusha ule mwiko kwa nguvu mpaka sufuria ikaruka motoni. Halafu shemeji akaingia ndani tena, akakawia.

Simu yangu ikaita. Nikaitazama ilipokuwa mezani. Lilikuwa jina la mzee, na chini yake kile kialama cha kamera kikimeta. Weee! Sikuigusa. Nilirudi nyuma kama nimeona nyoka. Ikaita mpaka ikachoka. Ikaanza tena.

Shemeji akatokea mlangoni kwa mbio, jasho linamtoka. "Shemeji, pokea. Tata anasema upokee."

"Ni ya picha hiyo! Umembonyezea vibaya!"

"Ndiyo anayoitaka. Ameniambia nimpigie hiyo ya picha. Anasema ujifunike kichwa kwanza, halafu upokee." Akainua mabega yake mapana. "Mimi sielewi kitu. Pokea tu."

Nikatafuta kitambaa, nikajifunga kichwa, nikavaa sweta juu ya gauni ingawa jiko lilikuwa linawaka. Nikakaa juu ya kigoda wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikabonyeza kile cha kijani, macho nimeyateremsha kwenye sakafu.

"Unaniona?" sauti ya mzee ikauliza.

"Sijatazama, tata."

"Tazama."

Nikatazama. Alikuwa ameketi sebuleni, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote, tai imekazwa, na kichwani kofia ya sherehe, ile ya manyoya ya kahawia. Shemeji alikuwa ameisimamisha simu mahali fulani mbele yake, kwenye redio nadhani, kwa sababu mikono ya mzee ilikuwa juu ya magoti.

"Nimevaa?" akauliza.

"Umevaa, tata."

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

"Nawe umevaa. Basi sikiliza. Ile ya Ijumaa si mimi uliyeniona. Mtu anaonwa siku aliyojiandaa kuonwa. Kama wenye simu wamefungua dirisha ambalo halikuwapo, hatuwezi kukimbia nyumba, tutavaa nguo. Nimesikia ulivyomwambia ng'ombe. Yote nimesikia. Mwambie huyo mtu wa pikapu alirudishe godoro ndani."

Shemeji, ambaye alikuwa bado mlangoni kwangu, akashusha pumzi. "Asante Yesu," akasema, "kwangu chumba chenyewe bado kina mahindi." Akateremka kuelekea kwenye pikapu.

Mimi niliendelea kutazama, na yeye pia hakukata. Hapo ndipo nilipotambua tunachofanya. Macho yake ni ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Mume wangu ana macho hayo hayo, na kwa miaka yote sikujua aliyatoa wapi. Ana kovu dogo juu ya nyusi, la siku nyingi, na kidevu kinachotetemeka kidogo anaponyamaza. Nimempikia mtu huyu kuliko nilivyowapikia watoto wangu, kofia zake nazijua, viatu vyake navijua, kikohozi chake ningekitambua katikati ya soko. Uso wake ulikuwa mgeni kwangu kabisa.

Naye alikuwa ananitazama mimi. Akainama kuikaribia simu mpaka nikaona pua tu, kisha akarudi nyuma. Akakunja paji la uso, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kumbe umezeeka, mwanangu," akasema polepole.

"Nimezeeka, tata."

"Hizo hapo kando ya kitambaa ni mvi?"

"Ni mvi."

Akatikisa kichwa. "Hakuna aliyeniambia. Jioni zote hizi mimi nilikuwa naongea na yule msichana aliyeletwa hapa."

"Yupo, tata," nikamjibu. "Hajaenda popote."

Alivua kofia, kichwa chake cheupe kikabaki wazi mbele yangu, akajipangusa macho kwa ile kofia, na simu hakuigeuza upande.